Kokoto la Mama Yako

Raheli mwanangu,

Huku mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi huamka baada yangu. Leo ni Jumapili, hatupogoi chai, nimekaa kwenye gogo nje ya chumba changu hapa kambini na kipande cha ubao mapajani ndiyo meza. Karatasi nimepewa na karani wa mizani, ndiyo maana ina mistari mingi kuliko maneno yangu. Lori la kabichi linapanda Mlalo jioni hii kuchukua mzigo, na dereva ameniapia kwamba barua hii itakufikia leo leo.

Ningependa kuja mwenyewe. Ningesimama hata Soni tu, basi lenu likipita kesho nikupungie mkono. Nilimwomba nyapara ruhusa akaniambia, "Filipo, chai haina mtoto anayesafiri." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana alilisema vizuri. Nilipofika chumbani ndipo nilipoacha kucheka.

Habari za sweta, sanduku, na kutopokea chakula cha watu usiowajua ndani ya treni, mama yako atakuwa amekwisha kuzisema zote na kuzirudia. Mimi nina jambo moja. Barua yako iliyokuja Alhamisi nimeisoma mara nne, na mara ya nne nilikuwa shambani, kisu cha kupogolea kikiwa kwapani. Uliandika hivi, nanakili usije ukasema nimekusingizia: "Baba, afisa utamaduni anataka siku ya maonyesho ya Saba Saba nichome vyungu palepale uwanjani Dar es Salaam, mbele ya watu wote, ili wananchi waone kazi za mikono za akina mama wa Usambara. Nimesema ndiyo. Bibi na wenzake sijawaambia. Nikigeuka sasa, ile nafasi ya masomo waliyoniahidi wanaweza kumpa mwingine. Wewe si Mshambaa, huogopi mambo ya mwiko. Niambie kama nimekosea."

Mwanangu, hakuna mtu katika milima hii anayeuogopa mwiko ule kama mimi. Mama yako hakukuambia sababu kwa kunisitiri, na mimi sikukuambia kwa aibu. Leo nitakuambia. Elimu yangu unaijua, ni darasa la tatu la mapadri wa Kasulu, kwa hiyo pale nitakapochanganya mambo uyapange mwenyewe, wewe ndiye mwalimu.

Nilikuja huku nikiwa namba. Ndivyo walivyotuita, manamba, sisi tuliopakiwa Kigoma kuja kukata mkonge kule chini tambarare. Mkataba ulipokwisha wenzangu walirudi. Mimi nilisikia kwamba juu milimani kuna baridi na kazi ya kupasua mbao, nikapanda. Nilishika msumeno upande wa chini, yule anayekula vumbi la mbao, na siku moja akapita msichana amebeba vyungu vitatu vimefungwa kwa majani ya mgomba. Akasimama mbele yetu. Akaniuliza, "Wewe Mha, huko kwenu mnapikia nini?" Nikamjibu, "Vyungu kama hivyo, ila vya kwetu havina maringo." Akasema, "Basi ndiyo maana ulikimbia." Mwaka uliofuata nilikuwa nimejenga pembeni ya migomba ya babu yako. Watu walinisema, mwanamume kujenga kwa wakwe, tena Mroma katikati ya Walutheri. Niliwaacha waseme.

Sasa sikiliza. Ulikuwa tumboni, mwezi wa nane. Wanawake walikwenda kuchimba udongo kule shimoni, bondeni kwenye kijito, na mama yako naye akaenda. Mwiko wenyewe wewe umekua nao: mwanamume hafiki panapochimbwa udongo, wala hasimami panapochomwa vyungu, na akifika vyungu vitapasuka. Mimi nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimeambiwa na babu yako kwa mdomo wake. Lakini nilisimama juu ya njia, nikawaza ile ngazi ya udongo na utelezi wake, nikawaza mke wangu na tumbo lile na kikapu kichwani, nikasema moyoni, haya ni mambo ya kizamani, mwanamume mwenye akili humsaidia mkewe. Nikashuka.

Walikuwa watano. Aliyeniona kwanza ni Mama Zaina, wakati ule bado kijana. Akasema taratibu kabisa, kwa neno lao la kumwita mwanamume, "Mgoshi, umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekuja kumsaidia mke wangu mzigo."

"Mzigo upi? Huu wa kikapuni, au ule uliomtwika mwenyewe?"

Wakacheka wote, isipokuwa bibi yako. Bibi yako alikuwa ndani ya shimo, kanga ameifunga juu ya magoti, matope mpaka mapajani. Mkwe wangu, Raheli. Mtu ambaye mpaka leo tukikutana njiani mmoja wetu huingia migombani ili mwingine apite. Aligeuza uso ukutani mwa shimo, akakaa hivyo mpaka nilipoondoka. Mama yako alisema neno moja tu: "Weka chini, Filipo." Sikuweka. Nilikibeba kikapu kile mpaka nyumbani, na njia nzima nilijiona kuwa mimi ndiye mume bora kuliko wote tangu Mlalo mpaka Lushoto.

Vyungu vya msimu ule vilipasuka. Siku ya kuchoma, mlio ulisikika mpaka nyumbani kwetu, kama mahindi yanayokaangwa. Kama ni kwa sababu yangu, au kuni zilikuwa mbichi, au udongo ulichimbwa haraka kwa sababu watu walikuwa na hasira, mimi sijui, na nimeacha kujiuliza. Wanawake walikaa, wakamwambia mama yako asikanyage udongo mpaka vuli mbili zipite. Hawakumtukana. Walimwambia kama mtu anavyoambiwa kwamba mto umejaa, asivuke.

Alirudi nyumbani akiwa na kokoto lake mkononi. Unajua kokoto la kulainishia chungu, bibi yako analo lake, jeusi. La mama yako lilikuwa la rangi ya maini, limechongeka upande mmoja kwa kusuguliwa, kwani lilitoka kwa bibi wa bibi yako, na kidole gumba cha mama yako kilikuwa kimeingia humo kama kilichongewa. Akaliweka mbele yangu kwenye mkeka. Akasema, "Chukua. Wewe ndiye mfinyanzi sasa."

Kama ningekuwa mtu mzima ningesema, "Mke wangu, nimekosa." Maneno matatu. Lakini nilikuwa na hasira ya mtu aliyefanya wema akalaumiwa, na hasira hiyo ni mbaya kuliko hasira nyingine zote, maana mwenye nayo haoni mahali pa kuishikia. Nikalichukua lile kokoto, nikalitia mfukoni. Wiki ile ile nikaja huku kwenye chai.

Vuli mbili zilipita. Wewe ulikuwa unatembea. Nilikwenda nyumbani mwisho wa mwezi, mama yako akaniuliza akiwa anapepeta maharage, bila kuniangalia, "Lile kokoto uliliweka wapi?"

Nikasema, "Nililitupa mtoni."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nimekuwa nikilitafuta jibu tangu wakati huo. Kokoto lilikuwa kwenye kopo langu la tumbaku, huku kambini, lipo, halikuguswa. Nadhani nilitaka aniombe kidogo. Nilitaka aseme, "Filipo, nakuomba," nami nimtolee kwa ukarimu. Hakuniomba. Alisema, "Haya," akaendelea kupepeta. Na baada ya hapo kila mwisho wa mwezi uongo ulikuwa umekua kidogo, mpaka ukawa mkubwa kuliko kokoto lenyewe, na kulirudisha ikawa ni kukiri mambo mawili badala ya moja.

Mama yako hakufinyanga tena. Wewe umekua ukiambiwa kwamba kifua chake hakipatani na ubaridi wa udongo. Ndiyo maana ulijifunza kwa bibi yako. Mama yako hana kifua, mwanangu. Ana mume.

Nimepumzika kidogo hapo. Jirani yangu hapa kambini, Mnyaturu mmoja, ameniuliza kama naandika shauri la mahakamani, maana nimekunja uso. Nimemwambia ndiyo, na mshitakiwa ndiye mwandishi.

Kuna na la pili. Hili unalijua nusu, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulipenda kuwaambia watoto wenzako kwamba baba yako alipiga ngoma tatu peke yake siku ya Uhuru. Ni kweli. Lakini ngoma zile za kwetu hazipigwi na mtu mmoja. Hapa kambini tulikuwa Waha saba, kila mmoja na ngoma yake. Ngoma kubwa huuliza, nyingine hujibu, na ipo moja ambayo kazi yake ni kukataa, huwaingilia wengine wakati wanakubaliana. Anayeipiga ile ya kukataa huwa mtu mzima kuliko wote, na kwetu alikuwa Mzee Bukuru. Siku zilipokaribia, bwana shamba akasema kila kabila lionyeshe ngoma yake, lakini kwa dakika chache, watu wasichoke. Wazee wakaanza kubishana, tukate wapi, tuache nini. Wakabishana siku tatu. Mimi nikachoka. Nikazifunga ngoma tatu pamoja kwa kamba ya mkonge, nikafanya mazoezi kule nyuma ya kiwanda, na siku yenyewe nikatoka peke yangu. Nilirusha fimbo juu, nikazidaka kwa nyuma. Ile ya kukataa niliiacha, kwa sababu iliharibu mwendo.

Watu walishangilia, Raheli. Sitakudanganya kwamba haikuwa tamu. Baadaye nikachukuliwa kwenda kupiga kwenye mashamba mengine, nikapewa shati. Na jioni moja Mzee Bukuru akaja kukaa karibu nami. Nilidhani atanisema. Akaomba tumbaku, akavuta, kisha akasema kwa Kiha, "Mwanangu, umetupiga picha tukiwa tumelala." Nikasema, "Mzee, mbona picha imetoka nzuri?" Akasema, "Nzuri sana. Ila sisi tumefumba macho."

Hawakunifukuza. Walinisalimu, tulikula pamoja. Ila hawakupiga tena nami, na baada ya miaka michache hawakupiga kabisa, mmoja alirudi Kasulu, mwingine akafa, Mzee Bukuru tulimzika hapahapa juu ya kambi. Leo hii nikitaka kumfundisha mtu ile ngoma ya kukataa, siijui. Sikuwahi kuisikiliza vizuri, nilikuwa nangoja inyamaze.

Usifikiri nasema mambo ya zamani yasiguswe. Mimi niliyekuja huku kwa namba na kuoa milima si mtu wa kusema hivyo. Na tena nilikiona chungu chenu, hicho unachosafiri nacho.

Nilikuja mwisho wa mwezi ule mlipokuwa mnakimalizia, siku wanawake wa darasa lako la kisomo walipokileta uani kwa bibi yako kukipiga chapa. Kilikuwa kimekwisha kulainishwa, kinangoja tu alama, kwa hiyo niliruhusiwa kukaa mbali, kwenye kizingiti cha nyumba yetu, na kujifanya nashona kiatu. Niliona yote. Niliona ulivyowaambia kwamba kile kitabu cha kusomea, chenye picha ya mtu na trekta, wamekichoka, na kwa hiyo waandike kwenye kitu wanachokijua. Bibi yako akakuuliza, "Tangu lini chungu kikasomwa?" Nawe ukasema, "Tangu zamani, Bibi. Hivi vialama vya gunzi kila mwanamke anaweka vyake, na wewe ukiona kigae njiani unajua ni cha nani. Si unasoma?" Mama Zaina akasema, "Mama, mtoto amekushika mkono." Bibi yako akasema, "Amenishika mguu, mkono bado uko huru," kisha akalichukua gunzi akapiga alama zake, na chini yake, kwa kijiti, kwa taabu, akaandika NIPO. Herufi ya N iliangalia nyuma. Ukataka kumrekebisha. Akakupiga kijiti cha vidole. "Niache. Ndivyo nilivyo."

Wote waliandika. Mama Zaina aliandika jina la mtoto wake aliyefariki. Mwingine aliandika TULIHAMA, kwa sababu ya mwaka ule tulipoambiwa tushushe nyumba karibu na barabara ili kijiji kiwe kijiji. Na hapakuwa na mtu aliyewalazimisha, wala aliyewapa neno la kuandika. Kile kilikuwa kitu kipya ambacho hakijawahi kuonekana Usambara, na kilikuwa cha zamani, na walikifanya wenyewe wakiwa macho. Nilikaa pale kizingitini nikamkumbuka Mzee Bukuru. Nilitamani angekuwepo.

Kisha nikaona umeacha nafasi. Kati ya alama ya bibi yako na ya Mama Zaina, nafasi ya kiganja. Ukamwita mama yako aliyekuwa jikoni. "Mama, njoo, hapa ni pako." Akatokeza mlangoni akifuta mikono. Akaitazama ile nafasi. Kisha akanitazama mimi, Raheli, mara moja tu, akasema, "Mkono wangu umesahau," akarudi kwenye moshi.

Sasa chungu kimekwisha kuchomwa na ile nafasi itabaki hivyo hivyo. Huko uendako watu watakuuliza ni ya nini. Watadhani ni sanaa.

Basi turudi kwenye swali lako. Miaka ile tuliposhusha nyumba, nilimwuliza mama yako jambo ambalo lilinisumbua. Udongo mzuri ulikuwa umepatikana hapo karibu, nyuma ya ofisi ya kijiji, mwenyekiti mwenyewe aliwaonyesha. Lakini wanawake waliendelea kutembea saa nzima mpaka kwenye shimo la zamani. Nikamwambia, "Hivi mnaogopa sana vyungu kupasuka?"

Akanitazama kama mtu anayeamua kama atamwambia mtoto au la. Akasema, "Filipo, wewe unadhani ni vyungu? Pale shimoni ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu anayetuita. Nyumbani ninaitwa, shambani ninaitwa, kanisani ninaitwa, sasa hivi na mkutanoni tunaitwa. Pale hakuna 'mama fulani, maji,' hakuna 'mama fulani, mtoto analia.' Mama yangu alimzika mume wake akalia pale, siyo makaburini. Mimi nilipopata mimba yako, pale ndipo nilipowaambia. Sasa wewe ukashuka na wema wako."

Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyo miaka mingi nikidhani nilivunja mwiko wa vyungu. Kumbe nilivunja mlango.

Kwa hiyo unaponiuliza mimi, kwa sababu si Mshambaa na siogopi, umemwuliza mtu asiyefaa, na umemwuliza kwa sababu hiyo hiyo. Nakujua, wewe ni mwanangu. Ulitaka jibu la mtu wa mbali, kama mimi nilivyokwenda kufanya mazoezi nyuma ya kiwanda. Sina ndiyo ya kukupa. Wala sina hapana. Huenda bibi yako akasema hapana na mambo yakaishia hapo. Huenda akasema chomeni, lakini wanaume wageuze migongo. Unamjua, anaweza kuutaka uwanja mzima wa Saba Saba ugeuze mgongo. Huenda akasema, "Mwanamume asifike shimoni, lakini moto ni moto, nao waone." Kama wao wakiubadilisha mwiko wao, utakuwa umebadilika, na utabaki kuwa wao, kama ile N ya kugeuka. Lakini ndiyo uliyompa afisa hukuwa nayo. Ilikuwa ya watu wengine, nawe ukaitoa.

Na ile habari kwamba watamchukua mwingine, sitakuambia haiwezekani. Inawezekana. Afisa ana watu wengi wa kuchagua, na wewe ni mtoto wa mpogoa chai. Ukikosa nafasi hii kwa sababu ya kuwauliza akina bibi, utalia, na mimi nitalia nawe, na wala sitakuambia kwamba Mungu ana mpango. Najua tu jinsi lile shati nililopewa lilivyonikaa. Lilinitosha vizuri. Nililivaa mpaka likachanika, na kila nilipolivaa nilipita upande wa pili wa kambi ili nisipite mlangoni kwa Mzee Bukuru.

Basi linaondoka saa mbili. Bibi yako huamka saa kumi na moja, unajua, akakoka moto kabla jogoo hawajakubaliana. Nenda. Usiende na maneno ya afisa wala na ile karatasi yenye mhuri, maana atasema hajui kusoma mihuri. Kaa chini kwanza. Mwambie, "Bibi, nimesema neno ambalo si langu." Kisha unyamaze mpaka aongee yeye. Akikutukana, usijitetee. Nasema haya kama mtu ambaye hajawahi kuyafanya, kwa hiyo huenda ni rahisi kuliko ninavyodhani, au ngumu zaidi.

Nataka nikuambie jambo moja la mwisho kabla dereva hajaja, nalo limenipata hapahapa nikiandika.

Nilipoanza barua hii nilikuwa nimelitoa lile kokoto kwenye kopo. Nikalifuta tumbaku, nikalifunga kwenye kitambaa, nikaliweka katikati ya karatasi hizi, nivikunje pamoja. Nilikuwa nimepanga kumalizia hivi: "Mrudishie mama yako, mwambie baba anaomba radhi." Niliona ni mwisho mzuri. Niliona wewe utamkabidhi kabla ya safari, naye atalia, nami nitakuwa huku nikipogoa chai, yamekwisha.

Kisha nikayasoma niliyokuandikia. Nimekuambia uende kwa bibi yako uso kwa uso, ukae chini, utaje kosa lako kwa mdomo wako. Halafu mimi nitume jiwe kwa lori la kabichi, mkononi mwa binti yangu ambaye hana kosa lolote hapo. Nikaona aibu, Raheli, nimekaa peke yangu kwenye gogo nikaona aibu mpaka yule Mnyaturu akaniuliza tena kama ni kesi.

Nimelitoa. Nimelirudisha mfukoni, siyo kwenye kopo. Mwisho wa mwezi nitapanda nalo mwenyewe. Nitapita migombani nisimsumbue mkwe wangu, nitaingia kwa mama yako akiwa anapepeta chochote anachopepeta, nitaliweka mbele yake mkekani mahali palepale, na nitasema maneno matatu ambayo nimechelewa nayo umri wako wote. Atakachosema yeye ni chake. Usimwambie. Nakuomba hilo tu. Mwache asijue mpaka nifike, ili nisipate njia ya kusema kwamba wewe umekwisha kuninenea.

Nenda salama, mwalimu wangu. Ukifika huko na chungu chenu, wakikuuliza nani amekifanya, wataje wote, kwa zamu yao, na ukifika kwenye ile nafasi tupu usiiruke. Litaje na jina la mama yako.

Karatasi hii utaiona imekunjamana hapa katikati, kama kitu cha mviringo kilikuwa kimelala. Usiinyooshe. Hapo ndipo lilipokuwa.

Baba yako,
Filipo